Skrini ya kweli na skrini ya kuigiza: kisa cha watoto 144

Mtoto wa miaka minane amekaa kitini. Kichwani amebandikwa vitambuzi vidogo kwa jeli, na waya zake zinaingia kwenye kompyuta. Mbele yake kuna mchezo, lakini mkononi hana kitufe. Umeme wa ubongo wake ukienda unavyotakiwa, mchezo unasonga na alama zinaongezeka. Ukipotoka, mchezo unazubaa. Hivyo ndivyo inavyokuwa wiki baada ya wiki, mpaka atimize vikao 38.

Mtoto wa pili naye amekaa hivyo hivyo, kwa jeli ile ile na mchezo ule ule. Tofauti ni moja, na hakuna anayeijua pale chumbani, si yeye, si mama yake, si mkufunzi: mchezo wake hauongozwi na ubongo wake. Unaongozwa na mawimbi yaliyorekodiwa kabla.

Wote wawili walipata nafuu, tena nafuu kubwa.

Hicho ndicho kisa ninachokichambua hapa. Ni jaribio la nyurofidibaki, yaani kumwonyesha mtu umeme wa ubongo wake ili ajifunze kuubadilisha, kwa watoto wenye shida ya umakini. Lilifanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2021. Liliongozwa na Eugene Arnold, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Ohio State, kwa fedha za Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya nchi hiyo. Nililirudia baada ya jirani yangu kunitumia kwa WhatsApp tangazo la "mazoezi ya ubongo" kwa watoto wasiotulia, picha ya mtoto mwenye kofia ya waya ikiwa juu na bei ya kikao ikiwa chini. Aliandika neno moja tu: "Kaka?"

Nilimwahidi jibu fupi. Halikuwa fupi, kwa sababu ukitaka kujua kwa nini watu wenye akili zao waliamini kitu hiki, lazima uanzie kwa paka.

Paka na mafuta ya roketi

Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu huko Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Kwa miongo kadhaa kipimo hicho, kile ambacho hospitalini tunakiita EEG, kilikuwa cha kutazama tu. Daktari anasoma mistari, anatikisa kichwa, anaandika. Wazo kwamba mwenye ubongo anaweza kuonyeshwa mistari yake mwenyewe na kuibadilisha lilikuja baadaye sana.

Katika miaka ya 1960 Barry Sterman, mtafiti wa usingizi mjini Los Angeles, alikuwa na paka waliofundishwa kubonyeza kijiti ili wapate chakula. Akawaongezea sharti: sauti ikilia, usibonyeze, ngoja kwanza. Kila aliyewahi kumwona paka akimvizia panya anaijua ile hali. Macho kodo, masikio wima, mwili haujongei hata unywele. Sterman aliona kwamba katika kungoja kule, sehemu ya ubongo inayohusika na mwendo na hisia za mwili hutoa mdundo wa mara 12 hadi 15 kwa sekunde. Akageuza mchezo: chakula sasa hakiji kwa kijiti, kinakuja mdundo ule ukitokea. Paka wakajifunza kuutoa.

Hadithi ingeishia kwenye jarida la kisayansi na kusahauliwa, kama si roketi. Mafuta yaitwayo monomethilihidrazini, yaliyotumika kwenye vyombo vya anga, yalijulikana kwa kuwatia degedege waliokutana na sumu yake, na Sterman aliombwa aichunguze kwa wanyama. Alipowapa paka sumu hiyo, wengine walichelewa mno kupata degedege kuliko wenzao. Alipochunguza wale wakaidi ni akina nani, akakuta ni wale waliopita kwenye mafunzo ya mdundo.

Ninapenda sana sehemu hii ya kisa, na sababu si roketi. Paka hajui kwamba anatibiwa. Hajasoma tangazo, hajalipa hela, hamwonei haya daktari aliyemhangaikia, na hana mama anayemtazama usoni kila jioni akitafuta dalili ya mabadiliko. Paka akibadilika, umeondoa kwa mkupuo mmoja karibu kila kitu kinachotuchanganya tunapomtibu binadamu. Ndiyo maana matokeo yale yalikuwa na uzito.

Baadaye Sterman alimfundisha mwanamke wa miaka 23 mwenye kifafa. Taarifa yake, iliyochapishwa 1972, ilieleza kwamba vipindi vya degedege vilipungua sana, na habari iliyoenea zaidi ni kwamba mwanamke huyo hatimaye alipata leseni ya udereva. Mgonjwa mmoja, lakini ni mmoja anayekumbukika.

Sasa tazama jinsi sifa inavyosafiri. Mwaka 1976 Joel Lubar wa Chuo Kikuu cha Tennessee aliripoti juu ya mtoto mtukutu aliyefundishwa kwa njia hiyo hiyo. Kutoka hapo nyurofidibaki ikaingia kwenye ADHD, ile hali ya umakini mdogo na kutotulia kunakopita kawaida, kisha wasiwasi, kukosa usingizi, huzuni, kiwewe, hata kuongeza ufanisi wa wanamichezo. Kila ilipohamia ilibeba cheti cha paka. Lakini paka walithibitisha jambo moja: mdundo fulani, wanyama fulani, sumu fulani. Hawakusema lolote kuhusu mtoto anayeshindwa kumaliza zoezi la hesabu.

Uwiano wa mawimbi mawili

Kwa upande wa ADHD, nadharia iliyokuja kutawala haikuwa hata ule mdundo wa paka. Ilikuwa uwiano wa theta kwa beta. Theta ni mawimbi ya polepole, kama mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ya ubongo unaosinzia au kuota mchana. Beta ni ya kasi zaidi, kuanzia kama mara 13, ya ubongo ulio kazini. Vipimo vya awali vilionyesha kwamba watoto wengi wenye ADHD wana theta nyingi mno wakilinganishwa na beta. Hitimisho likaonekana dhahiri: mfundishe mtoto ashushe uwiano huo, umakini utakuja.

Hapa kuna kituko kidogo cha mwaka 2013. Mwaka huo mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu kifaa kinachopima uwiano huu kimsaidie daktari kutambua ADHD kwa watoto wa miaka 6 hadi 17. Mwaka huo huo watafiti waliokusanya tafiti za uwiano huu waliona tofauti kati ya watoto wenye ADHD na wasio nayo inazidi kufifia kadiri tafiti zinavyokuwa mpya, kwa sababu theta ilionekana kupanda hata kwa watoto wasio na tatizo. Kusinzia kwa watoto wanaolala kidogo kulitajwa kama sababu mojawapo. Wakaandika kwamba uwiano huu hautegemeki kama kitambulisho cha ADHD. Kifaa na onyo lake vilizaliwa mwaka mmoja.

Shida ya kumwamini mzazi

Mpaka hapo majaribio ya nyurofidibaki yalikuwa mengi, na mengi yalisema inafaa. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na Samuele Cortese ilikusanya majaribio 13 yenye watoto na vijana 520, ikauliza swali la kijanja: nani aliyesema mtoto ametulia? Wazazi, ambao mara nyingi walijua mtoto anapata tiba gani, waliona mabadiliko. Walipochukuliwa wapimaji ambao yumkini hawakujua, wengi wao walimu, mabadiliko yalipungua mpaka hayakuweza kutofautishwa na bahati tu.

Hii haimaanishi kwamba wazazi ni waongo. Mzazi aliyempeleka mtoto mara 30 mjini, akakaa kwenye benchi, akalipa, atamtazama mtoto kwa jicho jipya. Siku mtoto akimaliza kazi ya shule bila kuitwa mara tano, siku hiyo inaandikwa moyoni. Siku akivuruga, atasema ni uchovu. Sote tungefanya hivyo.

Kwa hiyo lilihitajika jaribio ambalo mzazi hajui, mwalimu hajui, mtoto hajui, na mkufunzi anayeshika mashine hajui. Kwa dawa ni rahisi, unatengeneza kidonge kinachofanana. Lakini kwa mashine ambayo mtoto anaiona ikimjibu palepale, unadanganya vipi?

Jinsi skrini ya kuigiza ilivyotengenezwa

Timu ya Arnold ilichukua watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD ya kati au kali, iliyothibitishwa kwa makini. Zaidi ya hapo waliweka sharti ambalo wengi hawalitaji wanapolikosoa jaribio hili: kila mtoto alipaswa kuwa na uwiano wa theta kwa beta usiopungua 4.5. Yaani walichaguliwa wale ambao nadharia yenyewe inasema wanaihitaji tiba hii. Huwezi kuipa nadharia uwanja wa nyumbani mzuri kuliko huo.

Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu, watatu kwa wawili. Kundi kubwa lilipata mafunzo ya kweli ya kushusha uwiano. Kundi dogo lilipata mafunzo ya muda ule ule, juhudi ile ile na sura ile ile, ila yaliendeshwa na EEG iliyorekodiwa.

Ujanja wenyewe ulikuwa kwenye vurugu za ishara. Mtoto akipepesa jicho, akikaza taya au akigeuza shingo, misuli hutoa umeme wake unaoonekana kwenye EEG kama mkwaruzo. Mtoto mwerevu, na wengi ni werevu, atajaribu: nikipepesa, kitu kinatokea? Kama hakitokei, ameshajua kwamba mashine haimsikii. Kwa hiyo mikwaruzo ya mtoto mwenyewe ilipachikwa juu ya mawimbi yaliyorekodiwa. Akipepesa, skrini ilionyesha. Mpangilio wa kila mtoto ulitumwa kwa intaneti na mtafiti aliyekuwa mbali, hivyo aliyekaa na mtoto chumbani hakuwa na siri ya kuvujisha hata kwa uso wake.

Nao walijikagua. Mtaalamu wa nyurofidibaki aliyefuatilia vikao alikuta utaratibu ulifuatwa kwa 93.2%, na wakufunzi wenyewe walijipa 98.7%. Siri ilidumu, kwani waliohusika hawakuweza kubahatisha vizuri mtoto yuko kundi gani.

Matokeo

Kipimo kikuu kilikuwa upungufu wa umakini kama ulivyoripotiwa na wazazi na walimu. Watakwimu wana mizani ya ukubwa wa badiliko ambapo 0.2 huitwa dogo, 0.5 la kati na 0.8 kubwa. Katika jaribio hili watoto walibadilika kwa 1.5 tangu mwanzo hadi mwisho wa tiba, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo walipopimwa kwenye ufuatiliaji wa miezi 13. Ukimwonyesha mtu namba hiyo peke yake, atauza ng'ombe alipie.

Ila 1.5 hiyo ilikuwa ya makundi yote mawili. Tofauti kati ya skrini ya kweli na ya kuigiza mwisho wa tiba ilikuwa 0.01, sawa na hakuna. Kwenye ufuatiliaji wa miezi 13 ilifika 0.24, bado ndani ya kile ambacho bahati inaweza kuleta. Madaktari waliopima hali ya jumla walisema 61% ya watoto wa mafunzo ya kweli wamepata nafuu ya maana, na 54% ya wale wa kuigiza.

Ukisoma namba hizi haraka utasema nyurofidibaki haifanyi kazi. Mimi sisemi hivyo, na nadhani kusema hivyo ni kupoteza kitu cha thamani kilichomo humu ndani. Watoto zaidi ya nusu waliokaa mbele ya skrini isiyowasikia walipata nafuu ambayo daktari asiyejua siri aliiona. Hawa si watoto wa tangazo, ni watoto waliothibitishwa kuwa na tatizo la kati au kali. Nafuu ile ilitoka wapi?

Sehemu yake ni kalenda. Hakuna anayempeleka mtoto kwenye jaribio katika wiki yake nzuri. Unampeleka mambo yakiwa yamefika shingoni, kama unavyokwenda hospitali homa ikiwa kileleni, na kutoka kileleni njia iliyopo ni ya kushuka. Mtoto wa miaka saba pia hukua, na mwaka mzima kwa umri huo ni mwingi. Sehemu nyingine ni matumaini ya wapimaji, kwa sababu ingawa walimu na wazazi hawakujua kundi, walijua kwamba mtoto yuko kwenye tiba. Hii ndiyo plasibo ya kawaida, au kipozauongo.

Hayo yote sawa. Lakini mimi husimama zaidi kwenye kitu kingine, na hapa ni maoni yangu, si ya watafiti. Fikiria kikao kilivyo. Mtu mzima mmoja amekaa na mtoto mmoja. Hakuna kelele, hakuna wadogo zake, hakuna simu. Mtoto anaombwa afanye jambo moja kwa muda mfupi, apumzike, arudie. Hagombezwi. Akitikisika, skrini inamwonyesha papo hapo, akitulia mambo yanasonga. Na kumbuka kwamba hata kwenye skrini ya kuigiza, kutikisika na kupepesa kulionekana. Kile kitu pekee ambacho mashine ya kuigiza iliendelea kukisoma kwa ukweli kilikuwa mwili wa mtoto. Yaani mtoto wa kundi la pili naye alikuwa anafundishwa, mara 38, kukaa tuli na kungoja. Yuko karibu zaidi na paka wa Sterman aliyeambiwa angoje kuliko inavyoonekana.

Watetezi wa nyurofidibaki hutumia hoja inayofanana na hii, ila huielekeza kwingine. Husema: basi ulinganisho wenu haukuwa mtupu, mlilinganisha tiba na tiba. Nakubali. Lakini wakishasema hivyo wamekiri kwamba kinachosaidia si kushusha theta. Na kama si kushusha theta, ile mashine ya gharama kubwa na mtaalamu wa kusoma mawimbi vinalipiwa kwa sababu gani?

Udhaifu wa jaribio ninaouona mimi ni kwamba halikuwa na kundi la tatu lisilopata chochote. Bila kundi hilo huwezi kuigawa ile 1.5 na kusema hiki ni kalenda, hiki ni matumaini, hiki ni kiti cha utulivu. Pia kuna jambo moja lililokwenda upande wa nyurofidibaki: kwenye ufuatiliaji wa miezi 13, watoto wa kundi la kweli walikuwa wanahitaji dawa kidogo kuliko wenzao, na tofauti hiyo ilivuka kizingiti cha kitakwimu. Wauzaji wanaipenda sana hii. Haikuwa kipimo kikuu, na ukipima mambo mengi moja litachomoza, lakini kuificha nako si haki.

Je, ni jaribio moja lililokosea? Huko Tübingen, Ujerumani, watu wazima 118 wenye ADHD waligawanywa kati ya nyurofidibaki, nyurofidibaki ya kuigiza kwa sehemu ya vikao, na tiba ya mazungumzo ya kikundi. Matokeo ya 2017: wote walipata nafuu, na hakuna kundi lililoshinda. Mwishoni mwa 2024 ulitoka uchambuzi wa majaribio 38 yenye washiriki 2,472. Kwa wapimaji ambao yumkini hawakujua siri, faida kwa jumla ilikuwa 0.04 kwenye mizani ile ile. Walipochukua tu majaribio yenye taratibu zilizozoeleka, ilipanda hadi 0.21. Kwa hiyo mlango haujafungwa kabisa, umebaki ufa. Kwa bei ya vikao 30 au 40, ufa huo unaingiza mwanga kidogo.

Jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea. Swali lake la kwanza halikuwa la kisayansi: "Kwa hiyo wale wa uongo nao walipona?" Nikamwambia wengi walipata nafuu, ndiyo. Akanyamaza. Nikamshauri aanze na vitu ambavyo tangazo halikuvitaja: mtoto apimwe macho na masikio, usingizi wake ufuatiliwe, na aonane na daktari wa watoto au wa afya ya akili anayeweza kusema kama hiyo ni ADHD kweli, kwa sababu zipo dawa ambazo zimepita mtihani huu huu wa siri, na yapo mafunzo kwa wazazi.

Miadi ya daktari ni mwezi ujao. Wakati anasubiri ameanzisha utaratibu wake: saa moja jioni, meza ya jikoni, yeye na mtoto tu, simu zote mbili ziko chumbani, dakika 20 za kazi moja, mapumziko, kisha 20 nyingine. Saa tatu kitandani. Hii ni wiki ya tatu. Anasema anaona tofauti, kisha anacheka na kusema yeye si shahidi.

Mwalimu wa mtoto hajaambiwa lolote.